Wasichana wangu wamezoea mpira wa pete: nianzie wapi kuwafundisha mpira wa mikono?

"Kocha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika sekondari ya kata, nje kidogo ya Mikindani, Mtwara. Mwaka huu nimekabidhiwa michezo, na nimeambiwa niandae timu ya wasichana ya mpira wa mikono kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Zimebaki wiki saba. Nina wasichana kumi na wanane, karibu wote wachezaji wa pete. Wana mbio na wana moyo, lakini kila wakidaka mpira wanasimama kama wamepigiliwa misumari, ndipo waanze kutafuta wa kumpa. Uwanja wetu ni mchanga, mpira haudundi. Tuna mpira mmoja tu, nao ni mkubwa kwa mikono yao. Golini hakuna anayetaka kukaa. Wiki mbili zilizopita mmoja aliruka kufunga, akatua vibaya, goti likaingia ndani. Anasema alisikia kitu kikilia 'ta!'. Lilivimba jioni ileile. Sasa uvimbe umepungua, anatembea na anataka kurudi mazoezini, ingawa akishuka ngazi anasema linamwachia. Baba mmoja naye amekuja kuniambia mchezo huu ni wa kupigana, binti yake hatacheza tena. Je, niendelee? Nianzie wapi? Na kwani hii si pete yenye magoli tu?"

Marahaba, mwalimu. Umeuliza mengi na nitayafikia yote, lakini naanza na binti mwenye goti, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja hadi wiki ijayo na lake halingoji.

Asirudi mazoezini. Mlio ndani ya goti wakati wa kutua, uvimbe uliojaa ndani ya saa chache, na goti kumwachia anaposhuka ngazi: zikikutana dalili hizi tatu, jambo la kwanza la kuchunguzwa ni ile kano ya mbele iliyo katikati ya goti, inayouzuia mfupa wa ugoko usichomoke mbele chini ya mfupa wa paja. Uvimbe wa haraka namna ile mara nyingi ni damu iliyovujia ndani ya kiungo. Ikinyonywa na mwili uvimbe unashuka, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika wakadhani amepona. Mtu ambaye kano hiyo imekatika kabisa anaweza kutembea barabara nyoofu bila shida, maana kutembea mbele hakuhitaji goti lizunguke. Siku atakapogeuka ghafla litaponyoka tena, na kila likiponyoka linayasaga yale magegedu yaliyokaa kama mito kati ya mifupa miwili. Kano inaweza kurekebishwa hospitali. Gegedu lililosagika ni shida kubwa zaidi, na binti huyu ana miaka mingi ya kulitumia goti hilo.

Siwezi kusema kwa barua kama kano imekatika. Ninachosema ni kwamba apimwe na mikono ya daktari. Nendeni zahanati au kituo cha afya mkachukue rufaa ya Hospitali ya Ligula, na mzazi wake awepo. Eksirei huonyesha mifupa, kano haionekani humo, kwa hiyo mkiambiwa "picha iko safi" msiishie hapo. Mwombeni daktari alijaribu goti lenyewe aone kama limelegea, na mwulizeni kuhusu mtaalamu wa fiziotherapia. Wala asipelekwe kwa mkandaji akalivute na kulizungusha. Nawaheshimu wazee wetu wanaokanda, na kwa misuli iliyochoka mikono yao ni dawa, ila goti linaloachia halikandwi kwa nguvu.

Nikiisoma barua yako mara ya pili naona kwamba goti la binti huyu na ule mtindo wa kusimama kama wamepigiliwa misumari vimetoka chungu kimoja.

Katika pete, anayedaka mpira akiwa mbioni lazima ajizuie. Mguu uliotangulia kutua, akiuinua, hatakiwi kuurudisha chini kabla mpira haujamtoka mkononi. Msichana aliyecheza pete tangu darasa la tatu ameufundisha mwili wake amri moja: ukidaka, funga breki. Mpira wa mikono unataka kinyume chake: ukidaka, nenda. Mchezaji ana hatua tatu na sekunde tatu akiwa ameushika. Akiudaka akiwa hewani, mguu wa kwanza kugusa chini hauhesabiwi hata kidogo. Hesabu inaanza na mguu unaofuata. Baada ya hatua tatu anaweza kuudundisha, akaushika, akapata hatua tatu nyingine, ila akishaushika mara ya pili hana ruhusa ya kudunda tena. Ukijumlisha, hiyo ni safari ndefu. Mchezaji anaweza kutoka karibu na nusu ya uwanja hadi mbele ya goli bila kumpa mtu pasi. Wasichana wako wanaitupa zawadi hiyo kila wakidaka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba ni yao.

Sasa iangalie ile breki kwa macho ya mwalimu wa Baiolojia. Anayesimama ghafla kwa goti lililonyooka anaiachia kano kazi ambayo ilipaswa kufanywa na misuli ya paja na makalio. Goti likiwa limekunjwa, misuli inanyonya kishindo. Likiwa limenyooka, tena likaangukia ndani kuelekea goti mwenzake, kano inabeba mzigo peke yake, nayo haikuumbwa kwa hilo. Wasichana wa umri wa sekondari huumia kano hii mara nyingi zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule, na namna ya kutua ni sehemu kubwa ya sababu. Habari njema ni kwamba namna ya kutua inafundishika. Utafiti uliofanywa Norway kwa vijana wa miaka 15 hadi 17 wanaocheza mpira wa mikono, ukachapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba timu zilizofuata utaratibu maalumu wa kupasha mwili moto zilipunguza majeraha ya goti na kifundo cha mguu kwa karibu nusu. Hawakutumia mashine za ajabu. Walikimbia, wakajifunza kugeuka na kutua, wakasimama kwa mguu mmoja, wakaimarisha mapaja.

Kwa hiyo anzia hapo, dakika kumi na tano kila siku ya mazoezi kabla mtu hajafunga hata goli moja. Wakimbie taratibu, wakimbie kwa ubavu, warudi kinyumenyume. Wasimame wawili wawili kwa mguu mmoja wakirushiana kitu chepesi, goti likiwa limekunjwa kidogo. Halafu kuruka na kutua kwa miguu miwili, miruko mirefu kwa mifupi. Zoezi hili la mwisho lifanyeni kwenye baraza ya darasa, msilifanye mchangani, maana mchanga unameza sauti na kuficha makosa. Kwenye saruji wape kipimo cha sikio: nisisikie mtu akitua. Atakayetaka kutua bila sauti atalazimika kukunja magoti mwenyewe, hutahitaji kumhubiria. Mwenzake asimame mbele yake aangalie jambo moja tu, goti lisichungulie goti mwenzake. Kilele cha goti kielekee vidole vya mguu.

Wakishaweza hilo, waunganishe na hatua tatu. Anayetumia mkono wa kulia apige kushoto, kulia, kushoto, kisha arushe; wa mkono wa kushoto, kinyume chake. Wafanye bila mpira kwanza, wakihesabu kwa sauti, safari ya kwenda na kurudi uwanjani. Nimekaa na timu iliyofanya hivi siku tatu mfululizo bila kugusa mpira, na wachezaji walininung'unikia. Siku ya nne walipopewa mpira miguu yao ilikuwa tayari inajua kazi. Baadaye ile hatua ya mwisho ya kushoto inageuka kuwa mruko: anaruka juu kwa mguu wa kushoto, anarusha akiwa hewani, anatua. Sisitiza atue kwa miguu yote miwili kila inapowezekana. Binti yako aliumia katika hatua hiyo ya mwisho, na sababu yake, naamini, ni kwamba alifundishwa kuruka kabla ya kufundishwa kushuka.

Kurusha nako pete imewaachia tabia ya kusukuma mpira kwa mikono miwili kutoka kifuani. Pasi hiyo ni safi kwa pete, ila haifungi goli. Lakini mtoto gani wa Mikindani hajawahi kurusha jiwe kuangusha embe? Mwendo ni uleule. Mguu wa upande wa pili unatangulia, bega linarudi nyuma, kiwiko kinapanda usawa wa bega au juu yake, kiuno kinazunguka kwanza na mkono unafuata nyuma yake kama mkia, kiganja kinamalizia. Nguvu inatoka chini miguuni na kupanda. Anayerusha kwa mkono peke yake anachoka mapema na bega linamuuma. Tundika makopo kwenye matawi ya mkorosho ulio jirani na uwanja, kila kopo kwa urefu wake, na siku ya kwanza usiwaambie warushe mpira. Waambie waangushe embe. Walioicheza sana rede watakushangaza kwa shabaha.

Hapo tunafika kwenye mpira wenu. Chukua utepe wa fundi cherehani uupime mzunguko. Wasichana wa miaka 14 na kuendelea wanacheza na mpira namba 2, wenye mzunguko wa sentimita 54 hadi 56 na uzito wa gramu 325 hadi 375. Nadhani ulionao ni namba 3, sentimita 58 hadi 60 na gramu 425 hadi 475, ambao ni wa wanaume. Mkono usioweza kuubana mpira unaubeba kwa kiganja, kiwiko kinashuka, na mrushaji anarudi kulekule kusukuma. Hilo nalo halikuwa kosa la wasichana wako. Omba shule inunue hata mmoja wa namba 2, au azima kwa shule jirani. Wakati huo shoneni chandimu nane au tisa za matambara na kamba, mzipime dukani kwenye mizani ziwe karibu theluthi ya kilo. Mtu atakuuliza, mbona hazidundi? Mchangani hakuna kinachodunda. Kwa mpira mmoja, wasichana kumi na saba wanamtazama mmoja akicheza. Kwa chandimu tisa, kila wawili wana wao na katika nusu saa kila mmoja amerusha mara mia.

Mchanga wenyewe usiuonee haya. Kuna mpira wa mikono wa ufukweni, wenye kanuni zake, unaochezwa kwenye eneo la mita 27 kwa 12, wachezaji wanne kila upande akiwemo kipa, na goli la anayeruka akajizungusha mzima hewani linahesabiwa mbili. UMISSETA haichezwi hivyo, ila Jumamosi moja moja mkishuka pwani maji yakiwa yamekupwa, utawafundisha pasi za haraka kuliko kwa maneno yako yote. Tahadhari ni mbili. Mchanga mkavu uliolegea unachosha misuli ya ndama za miguu haraka, kwa hiyo fupisha mazoezi. Na pia unaficha mizizi, vifuu na vigae, kwa hiyo timu nzima ipite kwa mstari ikiokota kabla ya kuanza. Na kwa vile mechi ya wilaya huenda ikachezwa kwenye ardhi ngumu, angalau mara moja kwa wiki watafutie mahali mpira unapodunda, hata kama ni hiyo baraza au uwanja wa kikapu wa jirani.

Sasa, je, ni pete yenye magoli? Hapana, na kufikiri hivyo ndiko kunakochanganya timu nyingi zinazoanza. Pete inamgawia kila mchezaji eneo lake na wafungaji ni wawili tu. Katika mpira wa mikono wote saba wanaweza kufunga, hata kipa, na wanaweza kwenda popote isipokuwa sehemu moja: ndani ya mstari wa mita sita mbele ya goli. Humo anakaa kipa peke yake. Mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga humo wala kukanyaga mstari, lakini anaruhusiwa kuruka kutoka nje akiwa na mpira na kuurusha kabla hajatua ndani. Mchezo mzima umejengwa juu ya ruhusa hiyo moja. Ndiyo maana mnaona wanaruka, ndiyo maana kutua kunahitaji kufundishwa, ndiyo maana ulinzi unasimama ukiuzunguka mstari huo kama ua wa nyumba.

Uwanja kamili ni mita 40 kwa 20, goli mita 3 kwa upana na 2 kwa urefu. Kuchora eneo la kipa usibahatishe: funga kamba ya mita 6 kwenye mwimo mmoja, zunguka nayo robo duara kutoka mstari wa goli hadi mbele, fanya hivyo kwenye mwimo wa pili, kisha unganisha ncha mbili kwa mstari mnyoofu wa mita 3. Majivu yanatosha kama chokaa hakuna. Mita 3 nje yake chora mstari wa vipande vipande, ule wa mita 9, ambao faulo nyingi za karibu na goli hupigiwa hapo. Na mita 7 mbele ya goli, mstari mfupi wa penalti. Miimo ya mianzi inafaa, na nyavu kuukuu za wavuvi wa hapo kwenu zinafaa kuliko za duka. Nakuomba tu miimo ifukiwe barabara na mtambaapanya ufungwe imara. Goli linaloyumba ni hatari kuliko mchezaji yeyote wa timu pinzani.

Neno moja dogo kuhusu majina, kwa sababu litakusumbua. Beki wa kushoto na beki wa kulia katika mchezo huu ni washambuliaji, wale warushaji wa mbali, na katikati yao yuko senta anayegawa mipira. Winga wawili wanakaa pembeni kabisa. Wa sita ni pivoti, anayejipenyeza katikati ya walinzi akiwa amewapa mgongo. Mfungaji wako wa pete mwenye mikono ya kudaka kila kitu, mjaribu kwenye pivoti.

Yule baba mzungumze naye vizuri, usimwambie amekosea kabisa. Mchezo huu una kugusana, na pete haina kwa kiasi hicho. Mlinzi anaruhusiwa kusimama mbele ya mshambuliaji na kumzuia kwa kiwiliwili, na kumfuata kwa mikono iliyokunjwa. Haruhusiwi kumvuta, kumsukuma, kumkumbatia, kumpiga mpira ulio mkononi mwake, wala kumgusa mkono anaorushia. Anayerudia au anayefanya vibaya anatolewa dakika mbili, na timu yake inacheza pungufu kwa dakika hizo. Akitolewa mara tatu hachezi tena mechi hiyo, ni kadi nyekundu. Kumsukuma mtu aliye hewani kunaweza kuleta nyekundu papo hapo. Kwa hiyo baba ana haki ya kuogopa mazoezi yasiyo na mwamuzi. Mwonyeshe kwamba kwako faulo zinapigiwa kipenga hata mazoezini. Walinzi wako wafundishe mambo mawili tu: miguu isogee kwanza, na mikono ikae juu ambako inaziba mpira badala ya chini ambako inavuta jezi. Kipigo kingi ninachokiona kwenye timu changa si ukali, ni mlinzi aliyechelewa kusogea akaamua kushika.

Kama wasiwasi wake ni mavazi, mwambie pia kwamba kanuni zinaruhusu hijabu, mradi iwe ya kitambaa laini kinachovutika, bila pini. Hereni, bangili na pete za vidoleni ndizo zinazovuliwa. Na kama atauliza ni mchezo wa nani, mwambie uliasisiwa na walimu wa shule kama wewe. Mwalimu Mdenishi aitwaye Holger Nielsen ni mmoja wa walioandika kanuni zake za mwanzo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wanawake wanaucheza Olimpiki tangu Montreal mwaka 1976, na kwa miaka mingi timu ya wanawake ya Angola imekuwa mbele ya Afrika nzima.

Golini. Hakuna anayetaka kukaa kwa sababu mpira unauma, na ni kweli unauma, hasa ule mkubwa wenu. Msimlazimishe mtu. Wote kumi na saba wapite golini kwa zamu, wakirushiwa chandimu, kutoka mita 9, kwa nusu ya nguvu, na mrushaji akitaja kwanza upande anaolenga. Utamwona mmoja au wawili ambao hawafumbi macho. Hao ndio makipa wako, wawe warefu au wafupi. Kisha wafundishe kwamba kipa wa mpira wa mikono hadaki kama kipa wa soka wala hajirushi chini. Anasimama kama hatua moja mbele ya mstari, magoti yamekunjwa, mikono juu, na anajipanua: mkono na mguu vinatoka pamoja upande ule mpira unakokuja. Mguu unaruhusiwa kuzuia akiwa ndani ya eneo lake. Wachezaji wengine mpira ukiwagusa chini ya goti kwa makusudi ni kosa. Mrushaji anayelenga kichwa cha kipa mazoezini akae nje. Tangu mwaka 2022 hata kanuni za kimataifa zinamtoa dakika mbili mshambuliaji aliye peke yake na kipa akampiga usoni, hata bila kukusudia.

Je, uendelee? Njia zipo mbili na zote ni za heshima. Unaweza kusema mwaka huu hatuendi, tunajifunza. Faida yake ni kwamba hutakimbizwa na tarehe. Hasara yake, wasichana watarudi kwenye pete, na mwakani utaanza upya. Au unakwenda na mchezo mdogo sana mnaoujua vizuri. Mimi ningekwenda, kwa sharti kwamba kufikia wiki ya nne uwe na makipa wawili waliokubali kwa hiari na hakuna anayetua kwa goti lililonyooka. Ikifika wiki ya nne na sharti halijatimia, sema wazi kwa mkuu wa shule. Wiki mbili za mwanzo zitumie kwa miguu na kurusha kama nilivyoeleza. Ulinzi wafundishe wa aina moja tu, wote sita wamejipanga kwenye mstari wa mita sita, anayekabiliana na mwenye mpira anatoka kumlaki kisha anarudi kwenye ua. Ushambuliaji nao uwe mmoja: mpira unatoka winga hadi winga, na kila anayeupokea aupokee akiwa anakimbia kuelekea goli. Wakizubaa mno na mpira bila kutafuta goli mwamuzi atainua mkono, na kuanzia hapo wana pasi nne tu za kumaliza shambulio. Kuanzia wiki ya tatu wacheze kila siku, wanne kwa wanne, kipande kidogo cha uwanja. Mnaofunga Ramadhani, sogezeni mazoezi karibu na magharibi na yawe mafupi. Siku nyingine, jua la kwetu halifai kabla ya saa kumi, na ndoo ya maji iwe uwanjani.

Usibebe haya peke yako. Mwaka 2021 UMISSETA ya taifa ilichezwa hapo hapo Mtwara, na wapo walimu mkoani waliochezesha au kusimamia. Mwulize afisa michezo wa wilaya akuunganishe na mwalimu mmoja aliyewahi kuchezesha mpira wa mikono, umwalike alasiri moja tu. Macho yake kwa saa mbili yatakupa vitu ambavyo barua hii haiwezi, kwa mfano hatua ya nne inaibiwa na nani.

Na kuhusu majeraha mengine: kidole kilichogongwa na hakinyooki, bega lililotoka mahali pake, kichwa kilichogongwa kikifuatiwa na kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, hivyo vyote ni hospitali siku hiyohiyo. Bega msilirudishe wenyewe. Mfunge mkono kwa kitenge ulale kifuani, mpelekeni. Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa.

Yule binti wa goti, akishatoka Ligula na wakati anangoja majibu au matibabu, usimwache darasani akisikiliza kelele za wenzake. Mpe kiti chini ya mkorosho na kipenga, kazi yake iwe kuhesabu hatua. Apige kila akiona ya nne.